Kila Mtu wa Nyumba Hii Ana Siku Yake

Nita, Flores
11 Mei 1994

Mwanangu Kanisius,

Anayeandika ni dada yako Modesta, ila anayesema ni mimi mama yako. Ukiona herufi nzuri mshukuru yeye, ukikuta neno kali ujue ni langu.

Juzi ilikuwa tarehe tisa, siku yako ya ubatizo. Najua hukusahau, lakini nakukumbusha, maana mwana akivuka bahari masikio yake hujaa maji. Tulifanya kama kila mwaka. Mshumaa wako umebaki kipande kama kidole gumba. Tuliuwasha kidogo nikauzima upesi, usije ukaisha kabla yangu. Modesta alipika mahindi na maharage, na samaki wa mchuzi wa ukwaju. Kisha nikachovya kidole kwenye maji ya baraka, na kwa kuwa paji lako la uso liko Tawau, nikaipaka picha yako. Sasa una doa juu ya jicho. Usijali, bado u mzuri.

Nikawasimulia watoto wa Modesta jinsi ulivyomkojolea padri. Wameisikia mara ngapi hiyo? Walicheka kama vile imetokea asubuhi.

Sasa niambie, siku yako uliifanyaje? Huko kwenye mashamba ya michikichi kuna kanisa? Nani alikuwashia mshumaa? Ulikula nini? Na usiniandikie "vizuri tu, Mama." "Vizuri tu" si chakula.

Mama yako,
Kresensia

Mdogo wangu, hapa naongeza langu. Tangu uondoke umeandika barua tatu. Anazihifadhi chini ya mto wake, na kila jioni ananiambia nimsomee ile ya mwisho. Mimi nimeichoka. Tuletee nyingine.
Modesta


Tawau, Sabah
3 Julai 1994

Mama mpenzi, na dada Modesta,

Siku yangu haikupita hivihivi. Karibu na kiwanda cha mafuta kuna kanisa dogo la mabati. Padri huja mara moja kwa mwezi, na kwa bahati siku hiyo alikuwepo. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Ende, alinishikia mshumaa. Tulikula wali na kuku, nikawakumbuka.

Mama, nina habari ambayo ningepaswa kuitoa mapema. Nimeoa mwaka jana. Jina lake ni Rahma. Asili ya wazazi wake ni Bugis, lakini yeye amezaliwa hapahapa. Ndoa ilifungwa kwa taratibu zote, mbele ya watu, hakuna aibu yoyote. Na tarehe mbili mwezi uliopita amejifungua mtoto wa kiume. Tumemwita Ilham. Ana masikio ya marehemu baba, yale ya kusikia hata asiyoambiwa.

Mwanao,
Kanis


Nita
2 Agosti 1994

Mwanangu,

Nimekasirika siku moja na kufurahi siku tano, kwa hiyo umeshinda. Umeoa kimyakimya kama mwizi wa kuku! Lakini masikio ya baba yako... Modesta aliposoma hapo nilitoka nje kidogo.

Wabugis ninaowajua mimi ni wale wauza samaki wa Wuring, na wote husali msikitini. Huyu wako alibatizwa wapi? Lakini umesema ndoa ilifungwa kwa taratibu zote, na taratibu nilizokufundisha ni zipi kama si zetu? Basi moyo wangu umetulia. Ilham sijapata kusikia kama ni mtakatifu wa wapi, ila watakatifu ni wengi, siwezi kuwajua wote.

Jambo moja tu limebaki. Atabatizwa lini? Niambie tarehe, jina la ubatizo na msimamizi wake. Kila mtu wa nyumba hii ana siku yake, hata marehemu baba yako bado tunamfanyia ya kwake. Siwezi kuwa na mjukuu asiye na siku.

Mama yako,
Kresensia


Tawau
25 Septemba 1994

Mama,

Mtoto amebatizwa Jumapili, tarehe kumi na nane mwezi huu. Jina la ubatizo Wilhelmus. Msimamizi ni yule rafiki yangu wa Ende. Mtoto hakulia.

Nisamehe barua ni fupi. Kazi ni nyingi.

Kanis


Nita
20 Septemba 1995

Mwanangu, na mkwe wangu Rahma, na zaidi ya wote Ilham Wilhelmus,

Juzi tulifanya siku ya mjukuu wangu, mwaka wake wa kwanza. Kanisius, laiti ungekuwepo. Nilichinja yule nguruwe mwenye baka. Nilipita nyumba kwa nyumba kualika, mpaka kwa jirani yetu Tanta Yosefina ambaye tulikuwa hatusemeshani tangu mambo ya ule uzio. Padri alipita baada ya misa akatubariki. Nikawaambia watu wote, "Hakulia! Maji yanamwagwa, yeye anamtazama padri machoni tu." Sikuwepo, lakini niliona.

Nimemfumia kitambaa cha kufunika mabega, cha rangi ya tarumu, buluu iliyokolea, kama nilichokufumia wewe. Nyuzi nilizitia rangi mwenyewe, angalia vidole vyangu vilivyo vyeusi (huwezi kuviona, lakini Modesta anaviona). Bertus, mtoto wa Tanta Yosefina, anakuja Tawau kutafuta kazi. Nimempa akuletee mkononi.

Mpige mtoto busu kwenye paji la uso, pale maji yalipopita.

Bibi yake,
Kresensia


Tawau
22 Oktoba 1995

Kwa mama mkwe wangu, Mama Kresensia,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa hatujaonana. Jina langu kamili ni Rahmatia. Barua hii naiandika peke yangu, na mume wangu nimemwambia kwamba naiandika. Sitaki kitu kiende kwako kwa mlango wa nyuma tena.

Wiki iliyopita Bertus alifika hapa. Nilimpikia, akakaa, akafungua kile kitambaa. Nilikishika nikasema, "Masha Allah, huyu bibi ana mikono." Bertus akasema, "Ni zawadi ya ubatizo wa mtoto. Kijiji kizima kilisherehekea, walichinja nguruwe." Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikamuuliza, "Baba Ilham, ubatizo gani?"

Bertus masikini, chakula kilimkwama.

Mama, mwanangu hajabatizwa. Mimi ni Mwislamu, na Kanisius alisilimu kabla ya kunioa. Hapa anaitwa Khairul. Hakulazimishwa, na mimi sikumdanganya. Nilikuwa nikijua kwamba ninyi mnajua. Aliniambia, "Mama alihuzunika, sasa amekubali." Kumbe alikuwa anadanganya pande zote mbili, huku na huko, kama mtu anayeziba matundu mawili kwa kidole kimoja.

Nimelia, sitakuficha. Si kwa sababu ya sherehe yenu. Mtu akimfurahia mwanangu, kwa dini yoyote, mimi namshukuru. Nimelia kwa sababu umeufumia uongo kitambaa. Na uongo wenyewe umewekwa juu ya kichwa cha mtoto ambaye hata kusema hajajua.

Kuna jambo moja nataka ulijue. Kila mwaka, mwezi wa tano, huwa kuna siku ambayo huyu mtu haongei. Huamka alfajiri, akanawa uso muda mrefu kuliko wudhu unavyotaka, kisha hukaa kizingitini. Mwaka wa kwanza nilidhani anaumwa. Sasa Bertus amenieleza ni siku gani. Mama, mnapika nini siku hiyo? Nielekeze. Sitawasha mshumaa, lakini siwezi kuendelea kumwacha mtu kizingitini na njaa.

Kitambaa nitakitunza. Ukikitaka kirudi, nitakirudisha kikiwa safi.

Mkweo,
Rahmatia


Nita
19 Novemba 1995

Kanisius,

Leo anayeandika ni mimi na anayesema ni mimi. Mama hajui, au anajua na hataki kujua.

Ile barua ya mkeo nilimsomea jikoni. Nilipofika mahali pa ubatizo nilisita. Akasema, "Soma." Nikasema, "Mama, ngoja kwanza." Akasema, "Modesta, mimi sijui kusoma, lakini uso najua kuusoma. Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho. Aliondoa sufuria motoni, akaliweka chini, akasema, "Nimempigia magoti Yosefina." Ni hilo tu. Magoti aliyompigia Tanta Yosefina ili aje kwenye siku ya mjukuu! Bora ungempiga kofi.

Baadaye alikwenda kwa padri. Nilimsindikiza, nikakaa nje. Alipotoka nilimuuliza padri amesemaje. "Amesema nisali." "Basi?" "Na kwamba maji ya ubatizo hayafutiki. Nikamwambia, Padri, najua hayafutiki, ndiyo maana yananichoma."

Tangu siku hiyo hafumi. Kitanda cha kufumia amekiegemeza ukutani. Watu wanauliza, "Wilhelmus hajambo?" naye anajibu "Hajambo," kisha anaingia ndani. Umemfundisha mama yetu kusema uongo akiwa na miaka sitini na sita.

Kusilimu kwako ni kati yako na Mungu, mimi sina ubavu wa kuingilia. Lakini ulishindwa nini kuniambia mimi? Mimi niliyekuwa nakuficha ulipovunja dirisha la katekista?

Mkeo nampa heshima yake. Ana moyo kukushinda.

Dada yako,
Modesta


Tawau
17 Desemba 1995

Dada, na umsomee Mama akikubali kusikia,

Nimechana karatasi nne. Naandika hii ya tano bila kupamba.

Mama, mwaka wa pili hapa nilishikwa na homa kali, nikalala bandani kama gogo. Kaka zake Rahmatia, ambao sikuwajua hata kwa majina, walinibeba mpaka kwao, wakaniuguza mwezi mzima. Asubuhi nilikuwa nawasikia wakisali upande wa pili wa ukuta. Nilianza kwa kusikiliza. Baadaye nikaanza kungoja. Watu watasema nilimfuata msichana. Msichana alikuwepo, sikatai, lakini ningeweza kumwomba afuate kwetu na sikutaka. Ninasali, Mama, kuliko nilivyokuwa nasali huko nyumbani. Siombi unisamehe hilo, maana nikiomba nitakuwa nadanganya tena.

Ninachoomba unisamehe ni lile kanisa la mabati. Mtu wa Ende hayupo, hakuwahi kuwepo. Uliponiuliza nilikula nini siku yangu, niliona uso wako ukingoja, nikakupa chakula cha maneno. Ukala. Mwezi uliofuata ukataka kingine. Sikujua pa kushikia breki.

Kama inakuumiza, acha kuifanya siku yangu. Ondoa jina langu katika zile siku. Nitaelewa.

Kanis


Nita
10 Mei 1996

Kanisius,

Kalamu anashika Modesta. Nimekaa kimya miezi mingi kwa sababu kila nilipofungua kinywa nilitaka kukutukana, na stempu siku hizi si za kutumia kutukana watu.

Unasema niondoe jina lako. Nani amekupa ruhusa hiyo? Hebu niambie, siku ile tarehe tisa wewe ulifanya nini? Ulilia, ukakojoa, ukalala. Aliyekubeba ni mimi. Aliyeshika mshumaa ni msimamizi wako. Aliyekuita kwa jina ni Mungu. Siku hiyo hukuifanya wewe, kwa hiyo huwezi kuifuta. Jana nimeuwasha mshumaa wako kama kawaida. Nililia, ndiyo, lakini niliuwasha.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikuwahi kukusimulia, kwa kuwa nilidhani halina kazi.

Baba yangu, babu yako, hakubatizwa. Watoto wake tulibatizwa sote, yeye akakataa, akasema hawezi kuwaacha wazee wake waliolala chini ya mawe bila mtu wa kuwasemesha. Siku ya ubatizo wangu nilikuwa na miaka sita, najikumbuka. Alinibeba mabegani kutoka shambani hadi kanisani, akanitua mlangoni, akabaki nje na tumbaku yake. Padri aliniita Kresensia. Nilipotoka, baba akauliza, "Wamekuitaje?" Nikamwambia. Hakuweza kulitamka. "Keresen... Keresensi..." Watu wakamcheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa analifanyia mazoezi.

Mwaka uliofuata mama yangu, Mkristo safi, alisahau ile siku. Aliyekumbuka ni baba. Alichoma samaki, akaniita mbele ya watu wote, "Kresensia!" kwa sauti, bila kukosea hata herufi. Na kila mwaka mpaka anakufa alifanya hivyo. Kanisius, desturi hii ninayokusumbua nayo haikuanzia kanisani. Aliianza mtu aliyebaki nje ya mlango.

Miezi hii yote nilikuwa namuwaza mzee huyo, nikajiuliza, yeye aliweza na mimi nishindwe?

Sitakudanganya, wewe umenitosha kwa uongo. Inaniuma. Nikienda kupokea komunyo naiona nafasi yako. Nitakuombea urudi mpaka siku nitakayozikwa, na usinikataze. Wewe niombee unachotaka, nami sitakukataza.

Lakini mjukuu asiye na siku sikubali. Rahmatia, mwanangu, nakuuliza wewe: ninyi mtoto mnampokeaje? Wauza samaki wa Wuring wameniambia anasomewa maneno sikioni, na siku ya saba anapewa jina. Nipe tarehe ya jina. Ile ya kweli.

Na chakula ulichoniuliza: samaki mbichi, ukwaju mwingi, pilipili ya kusaga, majani ya mchaichai. Usimtie nazi, huyo mtu wako atasema anapenda, kumbe hapendi.

Kitambaa ni cha mtoto. Nani amekwambia kitambaa kina dini?

Mama yenu,
Kresensia


Tawau
23 Juni 1996

Mama,

Alizaliwa Alhamisi. Nilimwadhinia mwenyewe sikioni, na sauti yangu ilikatika katikati, mkunga akanicheka. Jina alipewa siku ya saba, Jumatano, tarehe nane Juni. Tulichinja mbuzi wawili. Alilia tangu mwanzo hadi mwisho, Mama, alilia mpaka imamu akaharakisha dua.

Rahmatia alinipikia yule samaki. Nilikula peke yangu sufuria zima. Ni kweli, nazi siipendi.

Kanis


Nita
9 Juni 1997

Mdogo wangu na Rahmatia,

Lazima niwasimulie jana kabla Mama hajaanza kuniandikisha ya kwake.

Kwanza, asubuhi ya Jumamosi alimsubiri Daeng Saleh, muuza samaki wa Wuring, pale njiani. Mimi nilikuwa nimesimama naye.

"Daeng, leo sinunui samaki. Nichinjie kuku wawili kwa dini yenu."

"Mama una mgeni Mwislamu?"

"Nina mjukuu."

"Yuko wapi nimwone?"

"Tawau."

Daeng akawatazama kuku, akamtazama Mama. "Sasa hawa kuku atawala vipi?"

"Wewe chinja, Daeng. Siku yake iwe sawasawa. Mengine niachie mimi."

Akachinja, na hakukubali malipo. Akasema yeye pia ana mjukuu yuko mbali, Makassar. Jumapili akaja kula, akiwa na mkewe na kofia mpya.

Watu walipotoka misani Mama aliwaita kutoka uani, na safari hii hakupita kupiga magoti kwa mtu. Wakaja wote. Tanta Yosefina alifika wa kwanza, akachungulia meza akaona hakuna nguruwe.

"Kresensia, leo ubatizo wa nani?"

Watu wote wakamgeukia Mama. Mnajua wote walishasikia. Bertus huwaandikia nyumbani kwao kila kitu. Mimi nikaiweka mezani sahani niliyoshika.

Mama akasema, "Leo ni siku ya Ilham, mjukuu wangu. Siku aliyopewa jina. Wao hawatii maji, wanasoma dua. Alilia mwanzo hadi mwisho. Nilipowaambia hakulia niliambiwa vibaya. Sasa Yosefina, unakula au unauliza?"

Tanta Yosefina akafikiri. Akasema, "Paja liko wapi?"

Wakala wote. Daeng aliombwa dua, akasoma, watu wakajibu "Amina" kwa sauti ile ya kanisani, ya kuvutavuta, mpaka yeye mwenyewe akatabasamu. Usiku Mama alikishusha kitanda cha kufumia pale ukutani. Amenituma nimnunulie nyuzi. Anasema anataka kujua kama Rahmatia ana mimba, au afume cha ukubwa gani.

Sasa ananivuta kiwiko, ni zamu yake.

*Mwanangu, kuku walikuwa wagumu, lakini walitosha. Mwambie Ilham bibi yake amewala kwa niaba yake. Na kuanzia sasa barua aandike Rahmatia. Wewe kuandika kweli bado hujazoea, mkono utakuuma.*

Modesta, kwa mkono wake
Kresensia, kwa kinywa chake